Tathmini ya Kina ya Mzee

Tathmini ya kina ya mzee ni uchunguzi wa kitabibu unaopima kwa pamoja maradhi, uwezo wa kujihudumia, akili, hisia na mazingira ya mtu wa umri mkubwa, ili kumpangia matibabu. Msingi wake uliwekwa na daktari Marjory Warren katika hospitali ya West Middlesex, London, kuanzia 1935: alipowapima upya wagonjwa waliohesabiwa kuwa wa kulala kitandani daima, wengi waliinuka na baadhi wakarudi nyumbani. Umuhimu wa tathmini hii unatokana na kwamba ugonjwa wa mzee mara nyingi hauji na dalili zilizozoeleka. Nimonia yaweza kujitokeza kama kuchanganyikiwa ghafla au kuanguka, bila homa, na muuguzi asiyeuliza mgonjwa alikuwaje juzi ataiita hali hiyo uzee.

Hupingwa kwa hoja kwamba tathmini hii hula muda na huhitaji mabingwa, ambao Afrika Mashariki ni wachache mno. Kuhusu mabingwa ni kweli. Lakini kumwomba mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke na kurudi kuketi hakuhitaji mashine, na kupitia dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo, kwaweza kufanywa na mhudumu wa zahanati aliyefundishwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2017 kuhusu huduma kwa wazee uliandikwa kwa ajili ya ngazi hiyo ya jamii.