Pikapu ya zamani: namna ya kutambua giaboksi kabla ya kununua spea

Land Rover 109 na Toyota za miaka ya 1970 hadi 1990 bado zinabeba mahindi na mbaazi katika vijiji vinavyoizunguka Babati. Wengi wanaozifufua hukwama sehemu moja. Giaboksi ina kelele au inatema gia, fundi anataka spea, duka la Arusha linauliza "giaboksi gani?", na mwenye gari hana jibu. Anatuma pesa, mzigo unakuja na basi, unafunguliwa, hauingii.

Makala hii inaeleza namna ya kuitambua giaboksi kabla hujalipa.

Jina la gari halitoshi

Kadi ya gari inaonyesha namba ya chesisi na namba ya injini. Giaboksi haimo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amebadilisha giaboksi miaka 20 iliyopita na karatasi zisionyeshe chochote. Gari la umri huu limeshapita kwa wamiliki wengi, na Land Rover nyingi zimeshawekewa injini za kampuni nyingine.

Anza kwa kutafuta dalili hizi:
- Bamba la chuma lililochongwa na kuwekwa kati ya injini na giaboksi.
- Propela iliyokatwa na kuchomelewa upya.
- Vishikio vya giaboksi vilivyochomelewa kwenye chesisi kwa mkono.
- Sakafu ya kabini iliyokatwa ili mkono wa gia upite.

Ukiona hata moja, usiamini kibao cha kiwandani. Amini kilichoandikwa kwenye ganda la giaboksi yenyewe.

Toyota: soma kibao, kisha hakiki

Fungua boneti. Toyota nyingi zina kibao kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Tafuta mstari wenye maneno TRANS/AXLE. Herufi na namba za kwanza ni za giaboksi, zinazofuata ni za difu.

Kwenye giaboksi nyingi za Toyota za wakati huo, herufi ya kwanza ni ukoo na namba ya kwanza ni idadi ya gia. H42 ni ya ukoo wa H yenye gia nne. H55F, iliyofungwa kwenye Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 75, ni ya ukoo huohuo lakini ina gia tano. W56 na G52 nazo ni za gia tano, ila koo ni tofauti na spea haziingiliani.

Kwa Hilux, angalia pia aina ya gari. LN85 huvuta kwa matairi ya nyuma tu, LN106 huvuta kwa yote manne. Ganda la nyuma la giaboksi zao halifanani, hata kama injini ni ya ukoo mmoja.

Land Rover: hesabu mikono

Ndani ya kabini ya Land Rover, hesabu mikono ya gia.

Mikono mitatu, yaani mkono mkuu, wenye kirungu chekundu na wenye kirungu cha njano, ni giaboksi ya zamani ya gia nne ya Series. Mwekundu hubadilisha gia nzito na nyepesi, wa njano huunganisha matairi ya mbele. Series IIA ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, Series III kuanzia 1971 hadi 1985. Kuzitofautisha, endesha polepole. Series III ina pete za kulainisha uingiaji wa gia zote nne za mbele. Series IIA haina pete hizo kwenye gia ya kwanza na ya pili, ndiyo maana madereva wa zamani walikanyaga klachi mara mbili. Kama ya kwanza na ya pili zinalia lakini ya tatu na ya nne ni laini, huenda si ubovu, ndivyo ilivyoundwa. Usinunue pete ambazo giaboksi yako haikuwa nazo.

Mikono miwili yenye gia tano ni ya One Ten na Defender. Hapa angalia rivasi. Ikiwa iko kushoto kwa mbele, kando ya gia ya kwanza, ni LT77. Ikiwa iko kulia kwa nyuma, chini ya gia ya tano, ni R380, iliyochukua nafasi ya LT77 mwaka 1994. Usitegemee mchoro wa kwenye kirungu, kwani kirungu hubadilishwa kirahisi. Ingiza gia mwenyewe injini ikiwa imezimwa.

Kisha safisha ganda la giaboksi kwa dizeli na brashi, utafute namba iliyogongwa. Andika yote, hasa herufi ya mwisho. Herufi hiyo huonyesha toleo, na spea za matoleo mawili zinaweza kutofautiana.

Transfa, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, ina namba yake. Usizichanganye.

Giaboksi ikiwa chini

Kama imeshashushwa na haina namba, itenganishe na transfa. Weka gia ya kwanza, piga alama kwenye shafti ya mbele na ya nyuma, kisha zungusha ya mbele ukihesabu mpaka ya nyuma imalize mzunguko mmoja. H55F hukaribia mizunguko 4.8, LT77 hukaribia 3.6. Hesabu pia meno ya shafti inayoingia kwenye sahani ya klachi, na pima urefu wa ganda kwa futi.

Makosa yanayogharimu

La kwanza ni oili. Giaboksi ya Series hutumia oili nzito ya 90. LT77 iliundwa kwa oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki. Ukiiwekea ya 90, gia huwa ngumu asubuhi za baridi, na mtu hudhani imekufa.

La pili ni usalama. Breki ya mkono ya Land Rover hizi iko nyuma ya transfa, na hushika kupitia propela. Ukifungua propela ya nyuma, haizuii tena matairi ya nyuma. Gari likiwa kwenye mteremko, kama ule wa kupanda kutoka Dareda kwenda Bashnet, linaweza kuondoka na fundi yuko chini yake. Weka magogo au mawe makubwa kwenye matairi kabla ya kugusa boliti ya propela.

Cha kutuma dukani

Piga picha kwa simu: kibao cha gari, namba kwenye ganda, giaboksi nzima kutoka pande zote mbili, na spea iliyoharibika ikiwa pembeni ya rula. Ongeza idadi ya gia, mahali ilipo rivasi na aina ya injini iliyopo sasa. Omba muuzaji akutumie picha ya spea yake nayo ikiwa pembeni ya rula. Linganisha meno na vipimo, ndipo utume pesa.