Kutoka Dar es Salaam hadi Mangapwani: Umbali, Muda wa Safari na Roho ya Hija

Waamini wa parokia za Bara wanaokusudia kuhiji Mangapwani hutuuliza kama yawezekana kwenda na kurudi siku moja. Yawezekana, ila muda upangwe vema.

Kati ya Dar es Salaam na Mji wa Zanzibar kuna takriban kilomita 75, na kwa kuwa ni bahari tupu, hakuna njia ya gari. Ndege hukaa angani kwa dakika 20 hivi, lakini ukaguzi na kungojea mizigo huurefusha muda huo. Boti ziendazo kasi huchukua karibu saa mbili na huteremsha abiria bandarini Malindi. Kutoka hapo, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, maarufu kama Minara Miwili, lililojengwa miaka ya 1890, ni mwendo mfupi wa miguu. Ni vema hija ianzie hapo kwa Misa Takatifu.

Mangapwani ipo kaskazini mwa mji, katika pwani ya magharibi ya Unguja, kilomita 20 hadi 25 kwa barabara ipitayo Bububu. Gari la kukodi huchukua karibu dakika 45. Daladala ziendazo Bumbwini huchukua muda zaidi, kwani husimama njiani.

Huko kuna mahali pawili ambapo wageni huzoea kupachanganya. Pango ni la asili, nalo lina maji baridi. Chumba cha watumwa kilichongwa na mikono ya watu katika mwamba wa matumbawe. Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, tarehe 5 Juni 1873, magendo hayakukoma. Chumba hicho kilitumika kuwaficha binadamu waliongojea kuvushwa kwa siri.

Baadhi ya vikundi hukitazama chumba hicho kwa dakika kumi, kisha hukimbilia ufukweni. Tunashauri mkae walau saa nzima, mkisali kwa ukimya.

Tunaonya pia juu ya kishawishi kingine: kuigeuza hija kuwa hukumu juu ya jirani zetu Waislamu. Papa Gregori XVI aliilaani biashara hiyo mwaka 1839, na Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, waliwapokea waliokombolewa. Hata hivyo, wapandaji miwa Wakristo wa Réunion na Mauritius walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa watu wa pwani yetu. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II, akiwa kisiwani Gorée mwaka 1992, aliomba msamaha kwa dhambi ya Wakristo. Nasi tushuke ngazi za chumba kile kama watubuji.

Basi, wahujaji wavae mavazi ya heshima, wawasalimu wenyeji, na katika mwezi wa Ramadhani wasile hadharani. Kwa wenye kuchagua tarehe, ipo inayofaa sana: 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyekuwa mtumwa, ambayo Kanisa limeifanya siku ya kuwaombea wahanga wa biashara haramu ya binadamu. Biashara hiyo ingalipo. Mnaporejea nyumbani, tunawasihi mjiulize jinsi anavyoishi binti wa kazi aliye chini ya paa lenu.