Umeme, Kerneli na Faili Zilizoharibika: Desemba 2023
Katika Bonde la Ufa la kati, faili zikiharibika, umeme ndio hushukiwa kwanza. Mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umezalisha umeme tangu 1981, lakini huingia katika gridi ya taifa. Gridi ikianguka, Nakuru nayo huweza kuzimika, na kompyuta isiyo na betri hukatizwa ikiwa bado inaandika.

Tarehe 9 Desemba 2023 kilitangazwa chanzo kingine. Debian, mfumo endeshi wa Linux, iliahirisha toleo la 12.3 kwa sababu kerneli yake (kiini cha mfumo endeshi) 6.1.64 iliweza kuharibu data kwenye mfumo wa faili wa ext4: rekebisho moja liliingizwa bila lile lililopaswa kulitangulia. Usiku wa kesho yake umeme ukakatika sehemu kubwa ya Kenya. Kutenganisha visababishi hivyo viwili kulihitaji ushahidi: toleo la kerneli, saa faili ilipobadilika, kumbukumbu za mfumo. Programu ya fsck haikutosha, na hapa ndipo penye hatari kubwa, kwani hukagua muundo, si maudhui. Faili mbovu ingeweza kupita kama nzima. Kipimo cha kuaminika kilikuwa kuilinganisha na nakala iliyohifadhiwa kabla ya kusasisha. Debian 12.4, iliyotolewa tarehe 10, ilikuja na kerneli 6.1.66 isiyo na kasoro hiyo.