Sanamu ya Askari na Jina la Wapagazi
Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, ilisimamishwa palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Maandishi yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, yanawataja pia wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918, na kumwahidi apiganiaye nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Ajabu ni kwamba hakuna jina la marehemu hata mmoja lililochongwa pale. Aidha, ukumbusho huo uliwekwa katika makutano ya barabara: hupitwa, haukaliwi.

Wapagazi hao, Carrier Corps kwa Waingereza, walipata ukumbusho kwingine pasipo msanii. Palipokuwa kambi yao pakawa soko, Waswahili wakapaita Kariakoo. Umma hukusanyika hapo kila siku, ingawa sidhani kama wanunuzi wengi huisikia vita katika neno hilo.