Utafiti wa Biashara Ndogo katika Kubaini na Kusafisha Uchafuzi: Madibira na Nyanda za Juu Kusini

Utafiti wa biashara ndogo kuhusu uchafuzi ni kazi ya karakana, kampuni changa na vikundi vya mafundi wanaobuni na kujaribu njia za kupima sumu katika maji, udongo au hewa, pamoja na njia za kuiondoa. Kazi hiyo ina sehemu mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kubaini ni kujua kilichomo, kiasi chake na kilikotoka. Kusafisha ni kukiondoa au kukizuia kisisambae. Makala hii inaiangalia kazi hiyo kutokea Madibira, kata ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, upande unaopakana na Iringa. Hoja yake ni moja: mahali kama hapa biashara ndogo inaweza kufanya utafiti ambao maabara ya mbali haiufikii, lakini haiwezi kuugharimia kwa mauzo yake. Kwa hiyo hatua ya majaribio ilipiwe na fedha za umma, na matokeo yathibitishwe na asiyeuza kitu.

Madibira inafaa kuwa mfano kwa sababu ya maji yake. Skimu ya mpunga ya Madibira, yenye ukubwa wa karibu hekta 3,000, ilijengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na hutumia maji ya Mto Ndembera unaoshuka kutoka nyanda za juu za Iringa. Yanapotoka majarubani, maji huelekea ardhioevu ya Ihefu, hutokea kwenye lango lake la Ng'iriama na kuingia Mto Ruaha Mkuu, kisha Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na mabwawa ya Mtera na Kidatu. Mbolea ya urea iliyoyeyuka na mabaki ya dawa za magugu na wadudu husafiri nayo bila kuonyesha rangi wala harufu. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi. Mto unapopungua, kiasi kilekile cha dawa hukutana na maji machache ya kukizimua. Uchafuzi wa aina hii hubadilika kwa siku: huwa mkali baada ya kupuliza na wakati wa kufungulia maji, kisha hupungua. Chupa moja ya sampuli inayopelekwa mjini mara moja kwa msimu hueleza siku ile tu.

Hapo ndipo biashara ndogo inapopata nafasi. Vipimo vya kwanza havihitaji jengo kubwa. Kifaa cha mkononi cha kupima upitishaji umeme huonyesha kama chumvi zilizoyeyuka zimeongezeka. Karatasi za rangi hukadiria naitreti. Karatasi zenye kimeng'enya cha kolinesterasi huonyesha kama kuna viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti au kabameti, kwa kuwa dawa hizo hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Hata wadudu wadogo wa mtoni ni shahidi, kwani baadhi yao hutoweka mapema maji yanapochafuka. Kijana aliyefunzwa, mwenye pikipiki na begi la vifaa, anaweza kupima mifereji mingi kwa siku. Vipimo hivyo vina mpaka wake: haviwezi kutaja kwa uhakika jina la dawa na kiasi chake, kazi inayotaka mashine za kromatografia. Lakini huonyesha mahali na siku ya kuchukua sampuli inayostahili gharama ya mashine hizo. Upimaji wa awali huielekeza maabara pa kutazama.

Kwa upande wa kusafisha, Tanzania ina ushahidi wake. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, aliunda chujio linalounganisha mchanga na vitu vya nanoteknolojia, na kupitia kampuni ya Gongali Model akalifikisha kwa watumiaji. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Funzo kubwa la kazi hiyo ni kwamba chujio hurekebishwa kulingana na sumu ya mahali. Kaskazini, tatizo linalojulikana ni floraidi inayotoka ardhini. Katika bonde la mpunga ni mbolea na viuatilifu. Kifaa hakiwezi kuhamishwa kutoka Arusha hadi Mbarali bila kupima upya na kujaribu upya. Madibira nayo ina malighafi yake: pumba za mpunga zinazorundikana kwenye mashine za kukoboa zikichomwa kwa hewa kidogo hutoa makaa yenye vitundu vinavyonasa baadhi ya viuatilifu. Makaa hayo yananasa dawa zipi, kwa muda gani, na yakishajaa yatupwe wapi, ndiyo maswali ya utafiti.

Kwa nini soko lisiachiwe kazi hiyo? Chunya, katika mkoa huohuo wa Mbeya, inatoa jibu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na chombo cha kukamatia mvuke wake humrudishia mchimbaji zebaki aliyoinunua. Usafi hapo una faida inayoingia mfukoni. Mkulima wa Madibira anayesafisha maji yanayotoka jarubani hapati gunia la ziada. Anayefaidika yuko chini ya mto. Bidhaa yenye mnufaika asiye mnunuzi haiwezi kulipia majaribio yake. Marekani ilikabili upungufu kama huo kwa sheria ya mwaka 1982, iliyozitaka idara za serikali zenye bajeti kubwa za utafiti kutenga sehemu kwa kampuni ndogo. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo ni mojawapo. Fedha hutolewa kwa awamu: kidogo kwanza kuthibitisha wazo, kisha zaidi kwa wazo lililofaulu. Tanzania ina vyombo vinavyoweza kubeba utaratibu huo: SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, tangu 1973, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986.

Wapo watakaosema utafiti ni kazi ya vyuo vikuu. Ni kweli kwamba vyuo vina wataalamu na mashine, lakini mradi wa chuo huisha fedha zinapokwisha, ilhali mfereji unahitaji mtu wa kuurudia kila msimu. Wengine watasema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtaka mchafuzi alipe. Kanuni hiyo ni ya haki, ila pale ambapo maelfu ya majaruba yanamwaga kwenye mfereji mmoja, mchafuzi hajulikani mpaka kwanza pawepo kipimo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayeuza chujio atatangaza sumu ili auze. Dawa yake ni kutenganisha kazi: mpimaji asiwe msafishaji, na sampuli za uhakiki ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Na atakayesema kinga ni bora kuliko tiba amesema kweli, ila kinga nayo hutafutwa kwa kipimo. Kushikilia maji jarubani siku kadhaa baada ya kupuliza huipa dawa muda wa kuvunjika. Bila kupima, hakuna ajuaye siku zinazotosha.

Kwa hiyo mpangilio unaofaa Madibira ni huu: kwanza kupima mara kwa mara kwa vifaa rahisi, pili kuthibitisha matokeo maabarani, tatu kurekebisha namna ya kutumia dawa na maji, na mwisho kusafisha kinachobaki. Hatua ya kwanza ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayostahili shilingi ya kwanza ya umma.