Mlango Uliodhaniwa Kufungwa



Mwezi wa Oktoba 1927 mabingwa wa fizikia walikutanika Bruxelles kuzungumzia vitu vidogo mno, kama atomu na elektroni. Swali moja liliwagawa: je, elektroni ina mahali pake hasa kabla ya kupimwa? Niels Bohr na Werner Heisenberg walifundisha kwamba swali hilo halina maana pasipo kipimo. Albert Einstein hakuridhika. Mfaransa Louis de Broglie alipendekeza kwamba chembe iko daima mahali fulani, ikiongozwa na wimbi, kama mtumbwi uchukuliwao na mkondo wa mto. Alipingwa, na baada ya muda mfupi akaliacha wazo lake.

Mwaka 1932 mwanahisabati mashuhuri John von Neumann alitoa kitabu chenye uthibitisho kwamba nadharia ya kwanta haiwezi kukamilishwa kwa hali zilizofichika nyuma ya vipimo. Kwa wengi mjadala ukaisha hapo.

Grete Hermann, Mjerumani aliyefunzwa na mwanahisabati Emmy Noether, aliikagua hoja hiyo hatua kwa hatua. Mwaka 1935 aliandika kwamba imejengwa juu ya dhana iliyokwisha kubeba ndani yake jambo lililotakiwa kuthibitishwa. Yeye mwenyewe hakuhitaji hali zilizofichika. Hata hivyo hakuipokea hoja yenye kasoro. Maandishi yake yalipita karibu bila kusomwa kwa miongo mingi.

Mwaka 1952 David Bohm, Mmarekani aliyehamia Brazil baada ya kushtakiwa kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge, na kuachiwa na mahakama, aliliinua tena wazo la wimbi liongozalo. Hesabu zake zilileta matokeo yale yale ya nadharia ya kwanta. Lililotangazwa kuwa muhali lilikuwa limetendeka.

John Bell, mzaliwa wa Belfast, alilisoma andiko la Bohm, akaona jambo la ajabu: kinachofanyika kwa chembe moja chaigusa papo hapo nyingine iliyo mbali. Mwaka 1964 alithibitisha kwamba nadharia yoyote ya hali zilizofichika isiyokubali mguso huo itapingana na nadharia ya kwanta. Sasa maabara iliweza kuamua. Majaribio ya John Clauser mwaka 1972 na ya Alain Aspect mwaka 1982 yaliipa haki nadharia ya kwanta; pamoja na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Wazo la Bohm, kwa kuwa lakubali mguso huo, lingali limesimama, na wataalamu hawajaafikiana hadi leo.

Kasoro aliyoiona Hermann ilijulikana kwa wengi baada tu ya Bell kuionyesha upya mwaka 1966. Kwa miaka zaidi ya thelathini, ukubwa wa jina ulishika nafasi ya uchunguzi.

Kwa kutafakari pamoja: ni maneno gani tunayoyakariri kwa sababu tu ya heshima ya aliyeyasema? Na ni nani kati yetu amesema kweli, nasi hatukumsikiliza?