Kioo kilichopigwa jua

Novemba 1, 1917, Mlima Wilson, California. George Ellery Hale anachungulia darubini mpya ya Hooker, kioo cha sentimita 254 kilichoagizwa tangu 1906. Anaitafuta Mshtarii. Anaona picha kadhaa zimepandana! Miaka 11, jamani.

Kumbe mchana mafundi waliacha kuba wazi, jua likakipiga kioo kikatanuka na kupoteza umbo. Dawa? Kusubiri kipoe. Hale akaenda kulala, usingizi ukagoma. Kwenye saa tisa usiku yeye na Walter Adams wakaielekeza kwenye nyota: nukta moja, safi.

Siku hizi vituo vikubwa hupoza kuba tangu mchana. Na Oktoba 1923, kwa kioo hichohicho, Edwin Hubble akanasa nyota iliyomsaidia kuonyesha kwamba Andromeda iko nje ya galaksi yetu.